Mwale mpana si samaki wengi

TAJIRI wa chombo cha uvuvi katika Ziwa Victoria anapokwenda dukani kununua mashine ya sona ya kutafutia samaki, huuliza kwanza bei, kisha ukubwa wa kioo. Upana wa mwale wa sauti hauulizi, ingawa ndio unaoamua iwapo fedha za mafuta zitarudi au zitaishia majini.

Sona hutuma mlio chini ya chombo na kupokea mwangwi wake. Mlio huo hupanuka kadiri unavyoshuka, mfano wa mwanga wa tochi. Mashine nyingi ndogo zina miale miwili: mwembamba wa nyuzi 20 hivi kwa masafa ya kilohezi 200, na mpana wa nyuzi 60 hivi kwa kilohezi 83.

Wastani wa kina cha Ziwa Victoria ni mita 40 hivi. Katika kina hicho, mwale mwembamba hufunika duara lenye upana wa mita 14, na ule mpana mita 46. Kwa eneo, hiyo ni zaidi ya mara kumi. Kwenye maji ya mita 10, miale hiyo hufunika mita 3.5 na mita 11.5 tu.

Kwa hesabu ya haraka, mwale mpana ndiyo bidhaa bora. Hapo ndipo wengi hupata hasara. Kwanza, kioo cha mashine hizi hakisemi samaki yuko upande gani. Alama inayoonekana inaweza kuwa ya samaki aliye mita 20 kushoto au kulia, na nyavu zikashushwa mahali patupu. Pili, mwangwi wa sakafu ya ziwa iliyo chini kabisa ya chombo hutangulia kufika na kuwaficha samaki wa pembeni. Kwenye kina cha mita 40, ukingoni mwa mwale mpana, mita 5 za mwisho juu ya sakafu hazionekani. Kwa mwale mwembamba ni kama nusu mita tu. Sangara aliyetulia chini hupitwa bila kuonekana.

Kwa hiyo anayevua maji mafupi ananufaika na mwale mpana. Anayekwenda kwenye kina kirefu atumie mwembamba. Anayevua kote kuwili anunue mashine yenye miale yote miwili, na nahodha afundishwe wakati wa kubadili.

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuchangia mtaji wa chombo "chenye sona" aulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha: mwale una nyuzi ngapi, chombo kitavua kina gani, na nani ataisoma mashine? Asipopata majibu, ajue kuwa anauziwa pambo kwa bei ya kitendea kazi.