Mechi ya Ligi Ina Kwao

"Alhamdulillahi," nilisema, na kijana akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mzazi wake.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba 2025, nasi tumeketi barazani baada ya sala ya isha. Mtoto wa ndugu yangu alinijia mbio, simu mkononi, kunipasha habari kwamba mechi ya Villarreal na Barcelona iliyokuwa ichezwe Miami, Marekani, tarehe 20 Desemba, imefutwa. Yeye ni Barcelona damu, kama vile babu yake alivyokuwa Feisal damu, enzi Feisal yetu ya Mombasa iliponyakua ubingwa wa Kenya mwaka 1965. "Ami, wewe wafurahia?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba nafurahia na sababu zangu ninazo. Usiku ule sikuzimaliza, maana wazee walikwisha ingilia kati kila mmoja na lake. Basi leo nazimalizia hapa.

Kwa wasioifuata kadhia hii, mambo yalikuwa hivi. Mechi ile haikuwa ya kirafiki. Ilikuwa mechi ya ligi kuu ya Uhispania, yenye pointi zake tatu, na Villarreal ndiye aliyekuwa mwenyeji. Villarreal ni timu ya mji mdogo wa watu hamsini elfu hivi. Mechi ya mji huo ikatakiwa ivukishwe bahari ya Atlantiki, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu saba, ikachezwe mbele ya Wamarekani. Wenye tikiti za msimu waliahidiwa kwamba wanaotaka kwenda watasafirishwa bure. Tarehe 6 Oktoba shirikisho la kandanda la Ulaya, UEFA, likatoa ruhusa, lakini likasema wazi kwamba linaitoa shingo upande. Siku chache baadaye wachezaji wa ligi ile wakagoma kwa namna ambayo sijapata kuiona. Refa akipiga kipenga, wachezaji wote ishirini na wawili husimama kama milingoti kwa muda wa sekunde kumi na tano, hapana anayegusa mpira. Watangazaji nao, badala ya kuwaonyesha, wakawa wanaonyesha uwanja kwa nje! Tarehe 21 Oktoba waandalizi wakasalimu amri.

Sasa hoja ya kijana. Sitaki kuidharau, kwa sababu si hoja ya kitoto. "Ami," alisema, "sisi twawapenda watu hawa wala hawatujui. Jezi twanunua. Kibanda cha video twalipa. Usiku wa mechi za Ulaya hatulali. Mtu wa Villarreal akitaka kuiona Barcelona atoka nyumbani kwake kwa miguu. Mimi nitaiona lini? Kwani sisi si watu?"

Neno hilo la mwisho lilinikumba, kwa kuwa nami nalijua joto lake. Tulipokuwa vijana tulijazana katika nyumba ya mtu mmoja mwenye televisheni kutazama kandanda ya Ujerumani iliyokuwa ikionyeshwa humu nchini. Picha ilikuwa ikienda na kurudi kama mawimbi ya kusi. Tulijua majina ya miji ambayo hatungeweza kuionyesha kwenye ramani. Lau mtu angetuambia kwamba Bayern Munich wataletwa Mombasa, tungelala uwanjani wiki nzima. Kwa hiyo simlaumu kijana kwa kutamani. Ninachobishana naye ni kitu anachokitamani.

Ligi ina hesabu yake. Timu zikiwa ishirini, kila mmoja hukutana na mwenziwe mara mbili, mara moja kwake na mara moja kwa mwenziwe. Hupata mechi thelathini na nane, kumi na tisa nyumbani na kumi na tisa ugenini. Sisi watunzi twaielewa habari hii haraka kuliko wengine, maana shairi nalo ni hivyo hivyo. Ukijifunga kwa mizani kumi na sita, nane huku na nane huku, basi umejifunga mpaka ubeti wa mwisho. Kipande kimoja kikipunguka, hata asiyejua kusoma atasikia kwa sikio kwamba hapa pamelemaa. Villarreal akiipokea Barcelona Miami, Barcelona huwa ameondolewa mechi moja ngumu ya ugenini, hali wapinzani wake wote watakwenda kuicheza pale pale Villarreal, mbele ya watu wa Villarreal. Real Madrid walilalamika kwa sababu hiyo. Mtu atasema Real Madrid hawana budi kulalamika juu ya Barcelona. Lakini Frenkie de Jong, ambaye ni mchezaji wa Barcelona mwenyewe, naye alisema si haki kwa mashindano. Mtu akitoa ushahidi dhidi ya maslahi yake, mimi humsikiliza. Tulipokuwa chuoni, katika juzuu ya amma, tuliihifadhi sura ya Mutaffifin kabla hatujaijua maana yake. Tulipokuja kuijua tuliona imewahusu wale wanaotaka wapimiwe kikamilifu nao wakiwapimia wenzao hupunja. Mzee mmoja barazani alidhani sura hiyo ni ya wenye maduka tu.

Wala mawazo haya hayakuanza jana. Mwezi wa Februari 2008 wakubwa wa Ligi Kuu ya Uingereza walitangaza mpango wa kuongeza mechi ya thelathini na tisa, ichezwe katika miji ya ng'ambo kuanzia mwaka 2011. Basi mmoja angeangukia kucheza na timu ya mkiani na mwenziwe akaangukia kucheza na timu kali, na kombe likaamuliwa hivyo! Mashabiki wa Uingereza walipiga kelele, mpango ukazikwa. Mwaka 2018 Wahispania nao walitaka kuipeleka Miami mechi ya Girona na Barcelona. Chama cha wachezaji kikakataa, na Barcelona wakajitoa mwezi wa Desemba mwaka ule. Mwaka 2025 wakaja tena, na safari hii Waitalia walikuwa nyuma yao.

Kioja cha Waitalia ndicho kikubwa zaidi. Milan na Como ni miji jirani, baina yake ni kilomita hamsini hivi, kama mtu atokaye Mombasa kwenda Kilifi. Uwanja wa San Siro ulikuwa umeshikwa kwa sherehe ya kufungua michezo ya Olimpiki ya baridi ya Februari 2026, basi ikaonekana dawa ni kuipeleka mechi ya Milan na Como mjini Perth, Australia! Jirani akutane na jirani yake upande wa pili wa dunia, kilomita zaidi ya elfu kumi na tatu. Adrien Rabiot wa Milan aliposema huu ni wazimu, kiongozi mmoja wa ligi akamkumbusha aheshimu pesa anazolipwa. Ndugu msomaji, jibu lile limefumbua mengi. Mchezaji anaulizia akili, kiongozi anamjibu mshahara. Safari hiyo nayo ilivunjika, Desemba 2025.

Hapa kijana aliniingilia: "Mbona makombe yao huchezewa Uarabuni, na dunia haikuvunjika?"

Ni kweli. Ile mechi moja ya bingwa wa ligi na bingwa wa kombe, Waitalia waliicheza Washington mwaka 1993 na Tripoli mwaka 2002, Wafaransa wakaipeleka Tunis mwaka 2010 na Libreville mwaka 2013, Wahispania Tanja mwaka 2018. Hiyo ni mechi ya usiku mmoja, haipunji mizani ya mtu, nami sina ugomvi nayo mkubwa. Hata hivyo, na ikumbukwe Riyadh ya tarehe 29 Desemba 2023. Galatasaray na Fenerbahçe walikwenda kuchezea huko kombe lao, mwaka ambao jamhuri ya Uturuki ilitimiza miaka mia moja. Walitaka kuingia uwanjani na mavazi yenye sura ya Atatürk, wenyeji wakasema taratibu haziruhusu. Timu zote mbili zikarudi kwao bila ya kupiga mpira. Wengi hapa petu waligawanyika, hawa wakiwalaumu Waturuki na hawa wakiwalaumu Wasaudia. Kwa maoni yangu, mwenye nyumba ana haki ya kusema nini kitatandikwa sebuleni mwake, na mgeni ana haki ya kumtukuza mzee wake. Aliyekosa ni yule aliyeichukua karamu ya ukoo akaiandaa kwa watu, kwa kuwa watu walikuwa na fedha.

Na sisi Wakenya, kuliko wengi, twajua kuchezea mechi ya nyumbani katika nchi ya watu. Mwezi wa Juni 2024 Harambee Stars waliwapokea Burundi na Ivory Coast katika mechi za kutafuta tikiti ya Kombe la Dunia. Nasema waliwapokea, lakini waliwapokea Lilongwe, Malawi, kwa sababu viwanja vyetu havikufikia kipimo. Mechi zote mbili zikaisha sare. Sisi hatukupenda, tuliona haya, tukasema siku moja tutarudi kwetu. Ni ajabu basi kwamba kile tulichokiona kuwa fedheha ya ufukara, matajiri wa Ulaya wakifanye kwa hiari yao na kukiita maendeleo.

Na mabwana hao hutaja majina ya miji gani? Miami. Perth. Riyadh. Jeddah. Doha. Kijana wangu akisikia "ng'ambo" hudhani na yeye ni ng'ambo. Aondoe dhana hiyo. Ng'ambo yao ni mahali penye viti vya dola mia mbili. Mashabiki wa Likoni na Kisauni wangeitazama mechi ya Miami pale pale kibandani.

Lakini tuseme, kwa ajili ya mjadala, kwamba miujiza imetokea na mechi ya pointi imeletwa Mombasa. Hapa ndipo penye khofu yangu hasa. Bandari huchezea Mbaraki. Nimekwenda pale Jumamosi, mchezo mzuri, vijana wanakimbia mpaka jasho lakauka, na majukwaani watu unaweza kuwahesabu kwa shada moja la tasbihi. Wengine wako wapi? Wako vibandani, kwa kuwa saa kumi na moja au kumi na mbili jioni Uingereza wanaanza. (Miezi ya baridi yao huanza saa kumi na mbili, na adhana ya magharibi huwakuta katikati ya kipindi cha kwanza. Maimamu wanajua safu zinavyopungua siku hizo.) Klabu ya nyumbani haina nyota wa kushindana na wale, haina televisheni ya kushindana nao. Kimoja tu imebakiwa nacho ambacho Arsenal na Barcelona hawana hapa: mechi ya kweli, yenye pointi na machungu yake, unayoiona kwa jicho lako na kesho ukakutana sokoni na mfungaji. Hicho kimoja nacho kikichukuliwa, Mbaraki patabaki pa kukaushia nguo.

Sisemi wageni wasije. Waje kirafiki, na wameshakuja. Julai 2017 Everton walicheza na Gor Mahia mjini Dar es Salaam wakashinda mabao mawili kwa moja, na Wayne Rooney akafunga. Julai 2019 wakaja Kasarani wakatoka sare na Kariobangi Sharks, na Sharks wakawashinda kwa penalti. Siku ile timu yetu ilikuwa uwanjani, haikuwa mtazamaji katika nchi yake. Hiyo ndiyo tofauti. Ila nitie na kijembe hapa: aliyegharimia ziara zile ni SportPesa, kampuni ya kamari, ambayo jina lake lilikuwa kifuani mwa Everton na mwa Gor Mahia pia. Leseni yake ilipokwama mwaka ule ule wa 2019, ikakunja jamvi, na ligi yetu ikabaki bila mfadhili. Sharia yetu juu ya kamari haihitaji kuelezwa na mimi, lakini hata asiyeiamini sharia hiyo aliona siku ile jinsi nyumba iliyojengwa juu ya dau inavyoanguka.

Na asije mtu akasema watu wetu hawaendi uwanjani. Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalichezwa kwetu, Tanzania na Uganda, na Zanzibar nao wakapata sehemu yao kwa Amaan. Mashindano yale ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani peke yao, yaani hawa hawa tunaowakimbia Jumamosi. Kenya ikaifunga Kongo, ikaifunga Morocco ambao hatimaye ndio waliotwaa kombe, na Kasarani watu wakafurika hata wakubwa wa Afrika wakaamuru idadi ipunguzwe. Tulitolewa na Madagascar kwa penalti, tukalia. Kijana wangu naye alilia. Nilimkumbusha hilo, akanyamaza kidogo.

Kisha akasema, "Lakini Ami, lau ingekuwa Mbaraki wacheza Bandari na Barcelona?"

Nikamwambia hiyo nitakuja, na kiti cha mbele nitalipa mimi, mradi isianze kabla ya magharibi.