Boya la Utafiti Lilindwe, Ziwa Lisifungwe

Barafu inapoyeyuka katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, watafiti hushusha majini maboya ya njano yenye vipima upepo, mawimbi na joto. Huyaopoa kabla ya baridi kali kurudi, maana barafu ingeyaponda. Miezi hiyohiyo ndiyo msimu wa wavuvi wa ndoano, wanaotoka na mashua ndogo kusaka samaki aina ya samoni na walleye. Wote wanautaka ukanda uleule wa maji ya karibu na nchi kavu. Mtafiti anautaka kwa sababu huko ndiko miji inakovuta maji ya kunywa na mito inakomwaga mbolea ya mashambani. Mvuvi anautaka kwa sababu samaki wapo na mashua yake inaweza kurudi salama. Swali ni nani ampishe mwenzake. Jibu langu ni kwamba chombo kilindwe kwa sheria kali, eneo linalofungwa liwe dogo, na mvuvi ashirikishwe tangu boya linapotafutiwa mahali.

Madhara ya kusongamana ni ya kweli. Kitu kinachoelea huvuta samaki: mwani huota kwenye mnyororo, samaki wadogo hujificha kivulini, wakubwa huwafuata. Mvuvi anajua hilo, naye husogea. Lakini chini ya maboya mengi ya aina hii huning'inia waya wenye vipimajoto vilivyopangwa kutoka juu kwenda chini. Mshipi wenye chubwi nzito unaoburutwa nyuma ya mashua ukinasa hapo, waya unaweza kukatika. Hata asiyekata kitu anaweza kuharibu kazi. Mawimbi hupimwa kwa mtikisiko wa boya lenyewe, kwa hiyo mashua ikifungwa hapo, boya huanza kutoa vipimo vya uongo. Vipimo vya uongo ni hatari kuliko kukosa vipimo, kwa sababu mtu huviamini.

Kinachotegemea vipimo hivyo si kidogo. Agosti 2014, watu zaidi ya laki nne wa Toledo, Ohio, na vitongoji vyake walikatazwa kunywa maji ya bomba baada ya sumu ya mwani wa Ziwa Erie kuingia katika mitambo ya maji. Leo vifaa vilivyowekwa upande wa magharibi wa ziwa hilo husaidia kugundua mwani huo mapema. Mvuvi anayevunja kifaa cha namna hiyo anahatarisha maji ya mji mzima, yakiwemo ya wanawe.

Kwa sababu hiyo wako wanaotaka duara pana la marufuku. Mfano wao upo: mwaka 2011, Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania na Kenya ni wanachama wake, ilizuia meli za uvuvi kuvua kwa makusudi ndani ya maili moja ya baharini kutoka kwenye boya la takwimu. Kanuni hiyo inafaa bahari kuu, ambako meli kubwa huzungushia nyavu boya na jodari wake. Ikihamishiwa ukingoni mwa ziwa, inageuka dhuluma. Duara lenye nusu kipenyo cha maili moja hufunga takriban kilomita za mraba 11 kwa kila boya. Mwenye meli atakwenda kwingine, lakini mwenye mashua ndogo hana kwingine pa kwenda upepo unapovuma.

Tena maji haya ni ya umma. Mwaka 1892, katika kesi ya kampuni ya reli ya Illinois Central, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba jimbo linashikilia ardhi iliyo chini ya Ziwa Michigan kama amana ya wananchi, ili wasafiri, wafanye biashara na kuvua kwa uhuru. Sayansi inayolipiwa na umma haiwezi kuwa kisingizio cha kuufukuza umma huohuo bila sababu nzito.

Wanaotaka marufuku pana wanasahau pia kwamba boya halina askari. Linakaa usiku na mchana peke yake, na shahidi wa karibu ni mvuvi. Akiliona kama kizuizi, atanyamaza linapoharibiwa. Akilitegemea, atapiga simu.

Na ana sababu ya kulitegemea. Tarehe 23 Septemba 1967, wavuvi saba walikufa Ziwa Michigan dhoruba ilipozikuta mashua zilizofuata samoni aina ya coho, waliopandikizwa mwaka uliotangulia. Tahadhari ilikuwa imetolewa, lakini wengi hawakurudi ufukweni. Tangu 2012, boya la Michigan City, Indiana, limekuwa likitoa habari za mawimbi ya karibu na ufuko, pale hasa mashua ndogo zinapopita. Tahadhari ya jumla ni rahisi kuipuuza. Kimo cha mawimbi ya saa hii, mahali unapokwenda, ni vigumu kukibishia. Vipimajoto navyo humwonyesha mvuvi upepo ulipoyasukuma maji ya vuguvugu na kuleta baridi karibu na ufuko, na samoni hufuata baridi hiyo.

Basi sheria iwe fupi. Kufunga mashua kwenye boya, kutia nanga au kuburuta mishipi ndani ya mzingo ambamo boya huzunguka kwa urefu wa mnyororo wake kuwe kosa lenye adhabu. Nje ya hapo, kuvua kuruhusiwe. Watafiti nao wawaulize wavuvi wapi mishipi hupita kabla ya kutia boya nanga, waandike namba ya simu juu ya boya, na watoe takwimu papo hapo kwa namna inayosomeka kwenye simu. Wako wavuvi watakaolalamika kwamba takwimu za wazi zitajaza watu katika maeneo yao. Hasara hiyo ipo, lakini ni ndogo ukilinganisha na uhai wa mtu.

Hoja hii inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki pia. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Ziwa Victoria huua watu 3,000 hadi 5,000 kila mwaka, na wanaovua huko wanatafuta chakula na ada za shule. Kila boya litakalowekwa huko lianze na kikao cha mwaloni pamoja na kikundi cha usimamizi wa fukwe, kwa Kiswahili, Kiluo, Kisukuma au Kiganda, na wavuvi wawe na neno la mwisho juu ya njia za nyavu zao. Mradi usio na muda wa kikao hicho usipewe kibali.