Siri ya vita, ndiyo. Siri ya bei, hapana!

Vijana wenzetu, Januari 2023 sote tuliona Sukhoi-25 ya jeshi letu ikipigwa kombora juu ya Goma. Ndege hizo zilitunzwa na mafundi wa kigeni. Kwa franga ngapi? Sisi wenye kulipa kodi hatukuonyeshwa.

Sheria ya 27 Aprili 2010 iko wazi: masoko ya serikali yapitie tenda, gre-a-gre iwe nadra. Wakituambia ni siri ya jeshi, tunakataa. Ndege inalala wapi, hiyo iwe siri. Lakini bei ya kuitengeneza, adui ataifanyia nini? Anayefichwa hapa ni raia. Na kila dola iliyozidishwa inatoka kinywani mwa askari aliye porini.

Bunge liulize. Korti ya Hesabu ikague. Franga ni zetu, inchi ni yetu!