Shujaa Asiyeshindika Huua Mchezo

Miongoni mwetu walimu, michezo ya kompyuta aghalabu hutajwa kwa kulaumiwa. Yasemwa kwamba inawapotezea vijana wakati na kuwafanya wazembe. Lawama hizo si za bure. Hata hivyo, liko swali moja ambalo watungaji wa michezo hiyo wamelichunguza kwa makini kuliko wengi wetu: je, ugumu wa kiasi gani unamfaa mtu anayejifunza?

Nakusudia hasa ile michezo ambamo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa na kumkuza hatua kwa hatua. Asili yake ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka wa 1974. Shujaa huanza akiwa dhaifu. Kila ashindapo hupata alama za tajriba, na alama zikitosha hupanda daraja. Utamu wa mchezo umo katika kupanda huko.

Huwaje basi nguvu zikipita kiasi? Chukua mfano wa Final Fantasy Tactics, mchezo wa Kijapani wa mwaka wa 1997. Mchezo ukielekea ukingoni, jemadari mkongwe aitwaye Cid hujiunga na kikosi cha mchezaji. Huja na ustadi wa upanga unaompiga adui kutoka mbali, pamoja na upanga wa Excalibur unaomzidishia kasi. Tangu hapo, vita vilivyokuwa vikimkunisha mchezaji kichwa humalizwa na mzee huyo peke yake, na mbinu zilizosomwa kwa saa nyingi hukosa kazi. Wasimulizi wa pwani yetu walilijua hili. Fumo Liyongo, pamoja na nguvu zake zote, aliachiwa mahali pamoja pa kufia: kitovuni. Bila kitovu hicho kisa chake kingekosa mvuto.

Wapo wanaodhani dawa ni kumwongezea adui nguvu kila shujaa anapoongeza zake. Kampuni ya Bethesda ya Marekani iliijaribu dawa hiyo katika The Elder Scrolls IV: Oblivion, mwaka wa 2006. Shujaa akifika daraja za juu, wanyang'anyi wa njiani, ambao hapo awali walivaa ngozi na manyoya, humtokea wakiwa na deraya za thamani kubwa. Ulimwengu mzima hupanda pamoja naye, hata jasho lake likawa halina faida. Wachezaji wengi walinung'unika, na kwa haki.

Kampuni ya FromSoftware ya Japani ilifuata njia nyingine katika Elden Ring, mwaka wa 2022. Humo kila adui ana nguvu zake maalumu. Anayeshindwa yuko huru kwenda kwingine, akajiimarisha, kisha akarudi. Isitoshe, mzimu uitwao Mimic Tear, unaoiga umbo la mchezaji na kumpigania, ulipoonekana kuvifanya vita vigumu kuwa rahisi mno, ulipunguzwa nguvu kabla mchezo haujatimiza mwezi.

Yupo atakayesema kwamba mchezo ni starehe tu, na apendaye ushindi rahisi aachwe. Sipingi. Lakini nguvu za kuchuma na nguvu za kupewa si kitu kimoja. Mchumia juani hulia kivulini. Aliyepewa Cid hakulihitaji jua. Naye shujaa wa Oblivion hakifikii kivuli kamwe.

Katika taaluma yangu ya isimu, Stephen Krashen alipendekeza kwamba mtu hujipatia lugha kwa kusikia na kusoma maneno yaliyo juu kidogo ya kiwango chake. Kidogo, si sana. Mwalimu anayewaandikia wanafunzi majibu wayakariri huwapa Cid. Naye anayeufanya mtihani kuwa mgumu zaidi kila wanapofaulu huwaumbia Oblivion, kisha hushangaa wakikata tamaa.

Walimu wenzangu, tuweke kipimo kilicho wazi na tusikisogeze. Tuwape wanafunzi njia nyingi za kukifikia, na mara kwa mara tuwarudishie kifungu kilichowashinda muhula uliopita, wajionee kilivyokuwa chepesi. Nanyi wanafunzi, mkipewa silaha msiyoitolea jasho, jiulizeni mtapigana na nini siku itakapochukuliwa.