Usinunue macho ukasahau masikio

Kila msimu wa harusi na mahafali unapokaribia, swali moja huzuka katika familia nyingi: je, tununue kamera yetu wenyewe ya video, au tuendelee kutegemea simu ya mkono na fundi wa kukodi? Msomaji asidhani kwamba hili ni swali la anasa. Siku ya kumtoa binti nyumbani huja mara moja tu, na sauti ya nyanya akiwabariki wajukuu haiuzwi dukani baada ya yeye kutuacha. Ni vyema basi mzazi ajue anacholipia kabla ya kutia mkono mfukoni.

Kamera zinazosifiwa sana ni zile za picha angavu, ambazo wauzaji huziita HD. Kampuni ya JVC ilitoa ya kwanza kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2003. Miaka miwili baadaye Sony ikatoa HDR-HC1, iliyokuwa ndogo ya kutosha kushikwa kwa mkono mmoja. Zote mbili zilitumia kanda ndogo za MiniDV. Mwaka 2006 Sony na Panasonic zilitangaza mtindo mwingine uitwao AVCHD, na baada ya hapo picha zikaanza kuhifadhiwa kwenye kadi na diski badala ya kanda. Siku hizi aina mpya ni chache kwa kuwa simu zimeteka soko, lakini kamera hizo bado zinauzwa, nyingi zikiwa zimekwisha kutumiwa na wengine.

Tuanze na sifa zake. Picha ya video ya zamani ilikuwa na nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Picha kamili ya HD ina 1920 kwa 1080, yaani mara tano ya hiyo. Ndiyo sababu unaweza kuona hata mapambo ya leso ya mama aliyeketi safu ya tatu.

Sifa ya pili ni lenzi. Nyingi huvuta picha mara 10 au zaidi bila kuiharibu, kwa hivyo unaweza kukaa nyuma kabisa kanisani na bado ukapata uso wa bwana harusi. Lakini usidanganywe na namba kubwa zilizoandikwa ubavuni, kama vile mara 200. Huko ni kuitanua picha tu, na picha iliyotanuliwa hufifia. Sifa ya tatu ni subira: kadi ya GB 32 huchukua karibu saa tatu za picha ya kiwango cha juu, na hakuna mtu atakayepiga simu katikati ya viapo.

Hata hivyo, kizuri hakikosi ila. Ila ya kwanza ni giza. Ndani ya kamera mna kipande kinachopokea mwanga, na katika nyingi za nyumbani kipande hicho ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kikigawanywa nukta zaidi ya milioni mbili, kila nukta hupata mwanga haba. Mchana uwanjani hutaona kasoro. Jioni hemani, chini ya balbu moja, nyuso huwa kama zimenyunyiziwa mchanga.

Ila ya pili ni haraka. Kamera nyingi za aina hii husoma picha mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini. Ukiigeuza kwa ghafla, nguzo za hema huonekana zimeinama, na mpigapicha mwingine akimulika taa yake, nusu ya picha yako huweza kuwa nyeupe pepepe. Isitoshe, kamera hubana picha ili zienee kwenye kadi, na ngoma ikikolea picha huweza kukatikakatika kama vigae. Dawa yake ni kuitegemeza kwenye miguu mitatu na kuigeuza polepole.

Ila ya tatu huwapata wale wanaoletewa kamera na jamaa walioko Marekani. Huko umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, na kamera zao hufuata mwendo huo. Hapa Kenya umeme ni wa mara 50. Matokeo ni kwamba chini ya taa ndefu za mrija picha hupepesa. Kama kamera inakuruhusu kuchagua kasi, iweke kwenye 1/100 ya sekunde na upepesaji utapungua. Soma pia kibandiko cha chaja: kikiwa na maandishi 100-240V, haitaungua.

Lakini ila kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Ni sauti. Kinasa sauti kilichomo ndani ya kamera husikia kwanza kilicho karibu: pumzi za mpigapicha, upepo, jenereta, na watoto wanaogombania soda. Mzee anayetoa wosia hatua kumi mbele husikika kama yuko ng'ambo ya mto. Mtu huweza kuvumilia picha yenye mchanga, lakini maneno yasiyosikika hayana faida kwa yeyote. Kwa hivyo ukiwa dukani, kabla ya kuuliza habari za nukta, uliza kama kamera ina tundu la kuchomeka kipaza sauti cha nje. Nyingi za bei nafuu hazina.

Ushauri wangu basi ni huu. Ikiwa una simu nzuri na pesa ni kidogo, iache kamera dukani. Nunua kipaza sauti cha kubana kwenye nguo na kigoda cha miguu mitatu cha kushikilia simu hiyo. Ikiwa familia yenu ina shughuli ndefu na kubwa, kamera ya kadi yenye lenzi nzuri na tundu la sauti itawafaa. Ya kanda usiichukue hata ukipunguziwa bei, isipokuwa mna kanda za zamani za kuchezesha.

Na kama mnazo, msingoje. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba iliyo kwenye kanda huoza: huota ukungu, na mashine za kuichezesha zinazidi kuadimika. Kiwanda cha mwisho kilichojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai cha Japani, kiliacha mwaka 2016. Kanda ya saa moja huchukua saa moja kuhamishwa kwenye kompyuta, na kompyuta mpya hazina tundu la waya wa kamera hizo, kwa hivyo tafuta fundi aliye na vifaa. Wenye kadi nao wanakili folda nzima, si faili moja moja, kwa kuwa kamera huikata shughuli ndefu vipande vipande. Kisha weka nakala mbili katika nyumba mbili. Moto na wezi hawabishi hodi.