Huruma na Chungu



Katika mji wa Roma, mahali paitwapo Largo di Torre Argentina, yako magofu ya mahekalu manne ya kale. Yalifukuliwa katika miaka ya 1920, na paka wasio na mwenyewe wakayafanya makao yao. Wanawake wa mji wakawahurumia, wakawaletea chakula.

Lakini chakula peke yake hakitoshi. Paka jike huchukua mimba siku 65 hivi tu, huzaa watoto wanne kwa kawaida, naye aweza kuanza kabla ya kutimiza mwaka. Amlishaye bila kumzuia kuzaa huongeza njaa ile aliyotaka kuiondoa. Ndiyo maana sheria ya Italia namba 281 ya mwaka 1991 yakataza kuwatesa paka hao, tena yaamuru wahasiwe, kisha warudishwe mahali pao.

Mimi sikuijua hekima hiyo. Niliokota paka watatu nyuma ya shule. Baada ya mwaka walikuwa kumi na mmoja. Samaki wa watoto wangu wakapungua sahanini. Jioni moja mke wangu akasema kwa upole: “Baba watoto, paka umewaokoa. Sisi atatuokoa nani?”

Niliona haya. Wanane niliwagawia jirani wenye ghala za mahindi, maana panya waliwasumbua. Watatu waliobaki nikawapeleka kwa mganga wa wanyama wahasiwe na kuchanjwa kichaa.

Basi, ndugu, kuokota ni kazi ya siku moja, kutunza ni ya miaka. Kabla hujafungua mlango, tazama kwanza chungu chako.