Kipimo Kiwe Mkononi mwa Mkulima

Kwa miaka mingi mkulima wa Bonde la Kilombero ameijua mali yake kwa macho, kwa mkono na kwa ulimi. Papai hulitazama rangi, embe hulibonyeza, muwa huukata akauonja. Ujuzi huo hatuudharau, maana ndio uliotulea. Lakini kiwandani na sokoni ulimi wa mkulima hauandikwi katika daftari. Kinachoandikwa ni tarakimu, na tarakimu hiyo hutoka katika chombo cha mnunuzi.

Tuitazame miwa, zao ambalo wakulima wa Kidatu na vijiji jirani wameliuza kiwandani tangu miaka ya 1960. Mkulima hulipwa kwa uzito wa miwa yake na kwa kiasi cha sukari kilichomo. Muwa ukikatwa haujakomaa, sukari yake ni haba. Ukikatwa umekomaa kisha ukalala shambani, sukari hupungua siku hadi siku. Basi mtu hutoa jasho mwaka mzima, na hukumu ya jasho lake huisikia baada ya miwa kwisha kusagwa, wakati ambapo hakuna tena kitu cha kupima upya.

Je, lazima iwe hivyo? Sisi twasema sivyo. Kipo chombo kidogo cha mkononi kiitwacho refraktometa: tone moja la maji ya muwa latosha kuonyesha ukali wa utamu wake. Ukipima karibu na ncha, kisha karibu na shina, na tarakimu mbili zikakaribiana, muwa umekomaa. Siku hizi vimetokea vyombo vingine vinavyolimulika tunda kwa mwanga usioonekana kwa macho. Maji na sukari humeza sehemu ya mwanga huo, na sehemu inayorudi husomwa na akili mnemba, yaani programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa mifano mingi, ikakadiria ukomavu bila tunda kupasuliwa. Huko Australia wakulima wa maembe hupima hivyo tunda lingali mtini ndipo waamue siku ya kuchuma.

Hata hivyo tusihadaike na jina la akili. Mashine hujua kile tu ilichofundishwa. Iliyofunzwa kwa embe la Australia yaweza kukosea mbele ya embe la Ifakara. Mfano mwema tunao nchini mwetu: programu ya Nuru, inayotambua magonjwa ya muhogo kwa picha ya jani, ilifunzwa kwa picha za mashamba ya Tanzania, hutumia Kiswahili, na hufanya kazi pasipo intaneti. Kilichowezekana kwa jani la muhogo na kijaribiwe kwa matunda na miwa yetu.

Kwa hiyo twatoa wito. Vyama vya ushirika vya wakulima vinunue vyombo kwa pamoja, kwani mkulima mmoja hawezi. Wataalamu wa TARI Kibaha, wanaotafiti miwa, na wa Chuo Kikuu cha Sokoine waifunze mitambo hiyo kwa mazao ya bonde hili. Wakala wa Vipimo, anayekagua mizani, aangaliwe pia kama mkaguzi wa vyombo hivi. Na vijana wa vijijini wafundishwe kupima na kuandika.

Tena tukumbuke kwamba chombo hakikati miwa wala hakivuti tela. Kipimo kikionyesha zao limekomaa na zamu ya kuvuna haijafika, faida ni wapi? Lakini hapo mkulima atakuwa na tarakimu yake ya kuweka mezani, na mazungumzo hayatakuwa tena ya mmoja kusema na mwingine kuitikia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza: daftari analoliandika mnunuzi peke yake halimtoshi mkulima.